Niko na Uchungu na Weye

Musichana mwenye kusoma hii, kama mulango yako iko imefungwa, simama uifungue kwanza. Halafu ukuje tuendelee. Nitakueleza ya Solange pole pole, na weye mwenyewe utaona ni wapi alikosa na ni wapi alifanya vizuri, juu siku ile alifanya yote mbili.

Solange alikuwa mushonaji. Mashine yake ilikaa kwa baraza ya mama yake, Mama Gertrude, kule Mudzipela, mutaa ya Bunia. Alikuwa anatia mikono kwa bluze ya Annette, jirani yao, na Annette mwenyewe alikuwa ameketi kwa kiti ya plastiki, anangojea, anakula karanga. Telefone ikatikisika juu ya kitambaa. Solange aliona jina, na muguu wake ukaacha mashine.

Fulgence.

Tangu matanga ya mudogo wake, huyu muchumba wa Solange hakuandika hata neno. Sasa ameandika:

*Niko na uchungu na weye. Usikuje tena.*

"Ni nani?" Mama Gertrude aliuliza. Alikuwa anachagua sombe, majani ya muhogo, karibu na mulango.

"Si mutu, mama."

"Si mutu, na uso yako imekuwa sawa majivu? Leta."

Mama Gertrude alisoma akisogeza midomo. Akarudilia kusoma. Halafu akarudisha ile telefone haraka, sawa kitu yenye kuchoma.

"Umeona? Uchungu *na weye*. Kama ingekuwa huzuni tu, angesema 'niko na uchungu' na angenyamaza. Ile 'na weye' ni kasirani. Ni kidole anakuonyesha."

"Mama, Fulgence si mutu wa kasirani."

"Hakuwa! Mbele ya kufiwa hakuwa. Unajua leo iko nani? Hata miye sijui. Hata mama yake hajui."

Kwa ile mama yake alikuwa na haki. Fulgence wa zamani, huyo alimujua. Solange alikuwa amemupelekea meza ya mashine, ilikuwa inatikisika, na Fulgence ni seremala. Alisawazisha muguu moja ya meza, akapuliza vumbi, akasema bila kumuangalia, "Haitakutikisa tena. Sasa imebaki miye ndiye natikisika." Solange alicheka mupaka akasahau kuuliza bei. Huyo ndiye alimupenda. Lakini yule wa leo?

Mambo ilikuwa hivi. Familia ya Fulgence walikimbia vita Djugu na mizigo kwa kichwa, wakapata nafasi Nyakasanza, hapa Bunia. Walipokuja kuomba ndoa, Mama Gertrude aliwapokea vizuri, akawapa chai, halafu akasema neno yake: mbuzi za mahari zifike mbele ya Kwaresima. Nyuma ya hapo, hapana. Basi Davy, mudogo wa Fulgence, akapanda pikipiki kuelekea Marabo kutafuta mbuzi. Risasi zililia njiani. Davy hakurudi. Njia ilifungwa, na watu wa shamba wa kule wakamuzika pale pale, ndani ya mukeka.

Familia wakalia matanga Bunia bila maiti. Na kwa matanga ile, Solange na mama yake hawakuonekana.

Si roho mbaya. Ilikuwa mahesabu ya mama mwenye woga. Kwetu, bakwe, wakwe zako, wakifiwa, unaenda na shuka ya kufunika maiti. Mama Gertrude alisema, "Ndoa haijaisha. Tukienda na shuka, watasema tunajifanya bakwe. Tukienda mikono mitupu, watasema dharau. Na mutoto wao alikufa njia ya mbuzi zetu. Tutaketi wapi? Tutaangalia nani?" Akakaa nyumbani, akamukaza na Solange akae. Na kukaa ile ndiyo ilikuwa mubaya kuliko kwenda kwote.

Annette alimeza karanga yake.

"Mama Gertrude, sikutaka kusema."

"Basi usiseme."

"Lakini nitasema. Yule fianse yenu anafanya sanduku ya maiti."

"Ni kazi yake. Si anafanya masanduku, na vitanda, na milango?"

"Hii si ya kuuza. Watu walikuja na kifo yao, wanataka kuinunua, akawafukuza. Nilipita pale jana, nikaiona. Ni fupi. Si ya mutoto. Si ya mwanaume vile." Annette alimuangalia Solange kutoka kichwa mupaka kwa miguu, sawa vile mushonaji anaangalia mutu bila kumupima. "Solange, ni kimo yako."

Kikapo ya sombe ikaanguka. Hakuna mutu aliiokota.

"Hutaenda kule," Mama Gertrude alisema. Sauti yake ilikuwa kidogo sana. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema: sitaenda."

"Sitaenda."

Alimaliza bluze ya Annette. Mashono ilipindana kwa bega, kitu haijawahi kumufikia. Halafu akasema uzi nyeusi imeisha, anaenda kununua. Hiyo ndiyo kosa yake, musichana, na siifichi. Si kwamba alienda. Alienda bila mutu kujua. Ndani ya mukebe, uzi nyeusi ilikuwa tele.

---

Mvua ilikuwa inajipanga upande wa milima. Watu wa soko walikuwa wanafunika vitu na hema. Solange alitembea haraka, anajisemesha moyoni: nikimukuta anacheka nitarudi, nikimukuta analia nitarudi. Hakufikiri angemukuta vile alimukuta.

Atelie, pale Fulgence anafanyia kazi, ilikuwa ya mabati, ndani giza kidogo. Masanduku ilisimama kwa ukuta, moja kando ya ingine, sawa watu wenye kungojea kuitwa. Katikati, juu ya meza, ile moja. Fulgence alikuwa amemupa mugongo.

Alipoingia tu, upepo ukagonga mulango nyuma yake. Waya ya kufungia ikajiingiza yenyewe.

"Nilikuambia usikuje."

"Nimekuja."

"Nani anajua uko hapa?"

Unaona? Swali ile inaweza kutoka kwa mutu mwenye kukuchunga, na inaweza kutoka kwa mutu mwenye kukuwinda, na maneno ni yale yale. Solange alijibu haraka.

"Mama anajua."

"Unadanganya. Mama yako angejua, haungefika."

Akageuka. Alikuwa amekonda mupaka shati ilikuwa inamuvaa yeye. Macho ilikuwa nyekundu, lakini kavu, kavu kabisa. Kwa mukono alikuwa na nyundo.

"Simama hapa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Kando ya sanduku."

"Fulgence, juu ya nini?"

"Simama tu, Solange!"

Mabati ikalia juu yao, matone ya kwanza. Solange alisimama. Sijui ni mapendo ao ni woga yalimusimamisha. Na yeye mwenyewe, ukimuuliza leo, hajui. Fulgence alitoa kamba kwa mufuko. Akakanyaga ncha moja karibu na kisigino ya Solange, akavuta kamba mupaka juu ya kichwa yake. Solange alisikia pumzi yake kwa nywele. Zamani pumzi ile ingemufanya afunge macho kwa utamu. Leo aliyafungua sana.

"Unanipima sanduku," akasema. Midomo yake ilikuwa mizito.

"Ndiyo."

"Unataka kuniua?"

Kamba ikalegea. Fulgence alimuangalia sawa mutu mwenye kuamushwa na maji ya baridi.

"Kukuua? Weye?" Akarudi nyuma mupaka mugongo yake ikagusa ukuta. "Solange... Davy alikuwa kimo yako. Umesahau? Alikuwa anavaa viatu vyako kwa kuchekesha watu. Hakuna mutu alimupima. Walimufunga kwa mukeka, wakamutia chini. Nimetengeneza masanduku ya watu wote wa Bunia, ya wenye sijui hata jina, na mudogo wangu amelala ndani ya mukeka sawa samaki wa kukausha. Sina hata kipimo yake. Niko na kimo yako tu. Nilikata mbao kwa macho, nilitaka kuona kama ingemufaa."

Solange aliweka mukono juu ya sanduku asianguke. Mbao ilikuwa ya muti wa libuyu, nyekundu na laini. Vidole vyake vikapita juu ya kitu yenye alijua: ua yenye majani mawili, imechongwa kwa kisu. Alikuwa ameichora yeye mwenyewe kwa karatasi, akasema iwekwe upande wa kichwa.

"Hii ni kitanda yetu," akasema.

"Ilikuwa."

Na pale uso yake ikabadilika. Ile kitu Mama Gertrude alikuwa anaogopa, ilikuwa kweli mule ndani. Siwezi kukudanganya kwamba haikuwa. Ilipanda kutoka kwa shingo mupaka kwa macho.

"Hamukukuja," Fulgence akasema.

"Fulgence—"

"Hamukukuja!"

Nyundo ilipiga ukuta ya mabati. Masanduku yote ilitikisika. Solange aliruka kwa mulango, akashika waya, vidole vikakataa kufungua, vikakataa, halafu vikakubali. Akausukuma mulango mupaka mwisho. Baridi ikaingia, na mvua, na sauti ya motari wa pikipiki mwenye kutukana matope, na mama mwenye kuuza mikate akikimbiza beseni yake. Watu. Wangesikia.

Angeweza kukimbia. Miguu ilikuwa inataka. Na kama angekimbia, nisingemulaumu, na weye siku yako ikifika, ukimbie bila kuuliza mutu ruhusa. Lakini yeye alisimama pale kizingitini, muguu moja ndani, muguu moja kwa mvua.

"Nitakusikiliza kutoka hapa," akasema. "Mulango iko wazi, na itabaki wazi. Sitafika karibu. Lakini nitakusikiliza. Uliniandikia uchungu. Uchungu gani?"

"Namna gani, uchungu gani?"

"Kwetu, nikiwa mutoto, nikitoka kwa masomo na uso imevimba, mama alikuwa ananiuliza: uko na uchungu ya macho ao ya mikono? Kama ni ya macho, ananiweka kwa magoti nilie. Kama ni ya mikono, ananipa muti wa kinu, anasema twanga sombe mupaka mikono ichoke. Hakuna siku alinipiga juu ya ile. Hakuna siku aliniambia nyamaza." Akapangusa mvua kwa uso. "Yako ni gani?"

"Sijui."

"Angalia mikono yako."

Fulgence aliiangalia. Ilikuwa inatetemeka juu ya nyundo sawa mikono ya muzee.

"Ndiyo maana nilisema usikuje," akasema pole. "Niliogopa hii mikono."

"Basi twanga. Kuko ubao pale chini. Kuko misumari. Piga, na useme. Usiniangalie. Uambie ubao."

Fulgence akavuta kipande ya ubao, akaweka musumari.

"Mama yako na mbuzi zake!"

Musumari uliingia wote.

"Sema tena."

"Mbele ya Kwaresima, mbele ya Kwaresima! Sawa vile Mungu angefunga duka!" Pa! "Watu walikuja kulia na siye. Watu wenye hatujui. Mulevi wa kule barabarani alikuja, alilia kuliko wajomba! Na bakwe wangu, hata shuka! Hata kipande ya shuka!" Pa! "Weye! Kila mwanamuke mwenye kuingia amefunga kitambaa, nilisema ni yeye. Nilisimama. Nikaketi. Nikasimama. Watu wakasema huyu amepatwa na wazimu." Pa! "Weye, Solange! Nilikuwa nakutaka weye, na nilikuwa nakuchukia, na ilikuwa kitu moja, sikujua nitaikata wapi!"

Solange alikuwa analia kwa mulango.

Fulgence aliweka musumari ingine. Nyundo ikapanda, ikakaa juu.

"Na miye," akasema.

Haikushuka.

"Ni miye ningeenda Marabo. Nilikuwa nimevaa viatu. Davy aliniambia, 'Yaya, mukubwa wangu, weye baki umalize kitanda. Bibi yako ni mufupi sawa miye, ukimulaza chini panya watamubeba.' Alicheka. Akapanda pikipiki akicheka. Na miye nikabaki nachonga ua." Nyundo ikatoka kwa mukono, ikaanguka kwa maranda. "Nilikuwa nachonga ua, Solange."

Na macho, yenye ilikuwa kavu tangu matanga, ikafunguka. Alilia vile wanaume wetu wanalia wakikosa kujua namna: kwa kukohoa, kwa kushika tumbo, sawa mutu mwenye kutapika. Akateremuka kando ya meza mupaka chini.

Solange aliingia. Aliokota nyundo kwanza, akaiweka mbali, juu ya dirisha. Hilo ulishike, musichana. Halafu akachuchumaa, si karibu sana, mukono unaweza kufika.

"Na miye niko na uchungu na weye," akasema.

Fulgence aliinua uso. Maranda ilikuwa imemushika kwa mashavu.

"Uliniandikia neno sawa kofi. Nimetembea kutoka Mudzipela nikifikiri nitakufa. Umenipima na kamba bila kunieleza. Hutanifanyia vile tena. Siku utanifanyia vile tena, hutaniona, hata nikikupenda mupaka mifupa inaniuma. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na niko na ingine. Ya macho. Davy alikuwa anavaa viatu vyangu. Aliniharibia ile ya harusi, kisigino kikavunjika. Nilimutukana. Neno yangu ya mwisho kwake ilikuwa matusi, na ilikuwa ya kucheza, lakini ni matusi. Na sikukuja kumulilia."

Akanyoosha mukono. Fulgence aliuangalia mbele ya kuushika, sawa kitu yenye inaweza kuvunjika.

Ni pale kivuli iliingia kwa mulango.

Mama Gertrude alikuwa amesimama kwa mvua, kandambili moja kwa muguu, ingine imebaki kwa matope ya njia. Annette alikuwa amefungua mukebe, akaona uzi nyeusi. Mama alikuwa amekimbia Bunia nzima. Amefika tangu saa gani, hakusema, lakini uso yake ilisema alisikia mbuzi, alisikia shuka.

"Mama," Solange akasema. "Ingia, unalowa."

"Nitaingia wapi?" Mama Gertrude aliuliza. "Nitaketi wapi?" Alikuwa anamuangalia Fulgence, na alikuwa anamuogopa, na alikuwa anajiogopa. "Mutoto yangu, sikukuletea shuka. Nilifikiri nikikaa kimya, kifo itatupita kando. Nilikosa."

Fulgence hakusema 'si kitu'. Ilikuwa kitu.

Mama Gertrude aliingia. Alifungua kikwembe ya juu, ile nzuri ya maua ya samawati, akabaki na ya ndani. Ilikuwa imelowa. Akaikamua kwa mulango, akaikunjua, akaitandika ndani ya sanduku, kutoka kwa ua mupaka kwa miguu. Mikono yake ilikuwa inakosea kona. Fulgence alisimama. Halafu akashika upande wa pili, akavuta pole, akakunja ncha juu ya mahali miguu ingekuwa, sawa vile inafanywaga.

"Imechelewa," Mama Gertrude akasema.

"Imechelewa," Fulgence akakubali. "Njia ikifunguka nitaipeleka kule."

"Tutaipeleka," Solange akasema.

Wakasimama watatu, mvua inapiga. Halafu Fulgence akasema, bila kumuangalia mama, "Mama, miye niko na uchungu na weye."

Mama Gertrude alishika kifua. Lakini alikuwa amemufundisha binti yake swali ile, na hakuweza kujificha nayo.

"Ya macho ao ya mikono?"

Fulgence alifikiri kweli kweli. "Leo, ya macho. Kesho sijui."

"Kesho nitauliza tena," Solange akasema.

Upepo ukageuka. Mulango ikaanza kurudi, ikilia kwa bawaba. Mama Gertrude aliruka, akaokota jiwe kwa nje, akalitia chini ya ubao ya mulango isijifunge. Akageuka na haya, juu alijua wamemuona, na kila mutu alijua ni nini anaogopa.

Fulgence aliangalia jiwe. Akapita kando yao, na Mama Gertrude akamuvuta binti yake nyuma kwa mukono. Fulgence aliona. Alifika kwa dirisha, akashika nyundo, akarudi nayo mupaka kwa mulango, akainama.

"Jiwe ni kidogo, mama," akasema. "Upepo ya hapa iko na nguvu."

Akaweka nyundo chini kando ya jiwe, kichwa ya chuma imekaza mulango, akaiacha pale.